Chuma cha Kushikia

Kila mteja aliyeingia, Mwongeli alimwachia nafasi. Alijifanya anachagua rangi ya mlango, akawa anageuza makopo na kusoma maandishi asiyokuwa na haja nayo, ilmradi duka lipungue watu. Lakini ilikuwa Jumamosi, na Jumamosi Kitengela nzima inajenga. Akitoka mmoja na misumari, anaingia mwingine kuulizia nyaya. Mwishowe Mohamednur, mwenye duka, akamwita juu ya vichwa vya watu.

"Mama, wewe umesimama hapo sana. Nikusaidie na nini?"

"Nataka drili," Mwongeli akasema. "Ile haitumii waya."

Wanaume waliokuwa kwenye kaunta wakageuka. Hawakugeuka kwa ubaya. Ni vile tu watu hugeuka kanisani jina geni likitajwa. Mohamednur akashusha maboksi mawili kutoka rafu ya juu, akayafungua, akazilaza mashine zenyewe ubavu kwa ubavu. Moja ilikuwa ndogo na nyepesi, na kisanduku chake kilikuwa na kijishimo cha kila kitu, kama trei ya mayai. Ya pili ilikuwa nzito, nene shingoni, haina urembo.

"Unaenda kutoboa nini?"

Hilo ndilo swali alilokuwa akilikwepa nyuma ya makopo ya rangi. Ukweli ulikuwa mfupi, maneno machache tu, lakini kila neno lilikuwa na uzito wake. Choo. Mama mkwe. Kuchuchumaa. Alimtazama mzee mmoja aliyeshika koleo pembeni yake, akamtazama kijana aliyekuwa anapimiwa waya, na ulimi ukamgeuka.

"Mbao," akasema. "Ya pazia."

Mzee wa koleo akacheka. "Na baba ya nyumba ako wapi, mpaka mama afunge pazia na mashine?"

"Ako kazini."

Huo nao ulikuwa uongo. Mulinge, mumewe, alikuwa Gataka, kule Rongai, kwa mwanamke mwingine, na kazi yake kubwa ilikuwa kutopokea simu.

Mohamednur hakucheka. "Kama ni mbao, chukua hii ndogo. Haichoshi mkono, na iko na betri mbili, moja ikiisha unaweka nyingine. Lakini wacha nikuambie mapema, mama. Hii inazunguka tu. Hii kubwa inazunguka na inapiga, kama iko na nyundo ndani. Hiyo ndiyo ya ukuta. Na hizi nyumba zetu za mawe, ukienda na hii ndogo utalia. Uko na hakika ni mbao?"

Pesa hazikuwa shida siku hiyo. Alikuwa amepokea zamu yake ya chama, na mkoba ulikuwa na hela za kuchukua mashine yoyote kati ya hizo mbili. Angeweza kusema, kumbe hata kuna ukuta mahali. Lakini angesema ukuta, angeulizwa ukuta gani, na kijana wa waya alikuwa ameacha kutazama waya wake.

"Niko na hakika," akasema.

Akalipa, akabeba kisanduku chake kizuri, akatoka akitembea upesi kama mtu aliyeiba.

*

Siri haikuwa yake peke yake. Wiki chache kabla, Mwongeli alikuwa ametoka kazini Athi River, kiwandani anakoshona suruali za kupelekwa ng'ambo, akakuta nyumba iko wazi na mama mkwe wake, Kaveke, hayumo. Akaita. Sauti ikamjibu kutoka chooni, chini chini, kama ya mtu anayeogopa kusikika na majirani.

"Niko hapa. Kuja peke yako."

Choo chao kilikuwa nje, kando ya ua, kimejengwa kwa mawe kama nyumba yenyewe, bila taa, bila umeme, na kilikuwa cha kuchuchumaa. Kaveke alikuwa ameushika ukingo wa mlango kwa vidole, magoti yamekataa, nguo ziko juu, jasho linamtiririka. Alikuwa ameshindwa kuinuka tangu jua likiwa kichwani. Mwongeli alimkumbatia kwa nyuma akamwinua, na Kaveke akageuza uso ukutani mpaka alipokwisha kufungwa leso.

"Hakuna mtu ataambiwa hii," Kaveke akasema walipofika ndani.

"Lakini mama, tunaweza kuita fundi aweke kitu cha kushikia. Ni kazi ya saa moja."

"Sitaki mwanaume aje hapa apime mahali nakaa nikijisaidia. Nimelima Makueni miaka yote mpaka mgongo ukapinda, hakuna mtu alinishika mkono. Leo kijana wa watu aniulize, mama, ukichuchumaa unafika wapi?" Akakaza fundo la leso. "Hata Nthenya asijue. Niapie."

Mwongeli akaapa. Angefanyaje? Mulinge alipohama, watu walitazamia mama yake afunge mzigo aende kwa binti yake Nthenya, Entarara, ambako Nthenya na mumewe wanalima vitunguu. Kaveke alikataa. Aliwaambia wazee waliokuja kuzungumza kwamba Mulinge yeye alimzaa tu, hakuolewa naye, na kwamba angekaa mahali moyo wake uko. Mwongeli hakuwa amesahau neno hilo hata siku moja. Kwa hiyo alikwenda kwa mchomeleaji, akamwomba bomba fupi lenye vibati vya matundu ya skrubu kila upande, akamwambia ni la kutundikia taulo. Kisha akaenda kununua mashine.

*

Ukuta ulimcheka. Mashine ililia, vumbi jembamba likatoka, na shimo likakataa kuzidi urefu wa kucha. Akakaza mikono yote miwili, akaegemea kwa kifua. Ile ncha ya kutobolea ikapata moto mpaka ikanuka. Betri ya kwanza ikaisha, akaweka ya pili.

"Mwongeli, unajenga?" Ruqia, jirani yake, akamwuliza juu ya ua.

"Naweka rafu ndogo tu."

"Chooni?"

"Ya sabuni."

Ruqia akarudi kwa nguo zake alizokuwa akianika. Mwongeli akabaki ndani ya kile chumba kidogo, nywele zimejaa vumbi, akijua kabisa alichoambiwa dukani. Mwanaume yule alikuwa amemweleza kwa upole, mbele ya watu, tena akamwuliza mara ya pili. Angeweza kurudi. Lakini kurudi kulitaka kusema, nilidanganya.

Akachukua kisu cha jikoni, akavikata vile viplastiki vinavyokaa shimoni kushikilia skrubu, vikawa vifupi kama mashimo yenyewe. Akatafuta skrubu fupi. Akazikaza. Bomba likakaa ukutani, jeupe, limenyooka, zuri machoni. Akalishika akalivuta kwa mkono mmoja, kidogo tu, jinsi mtu huvuta mlango asimwamshe mtoto. Likashika. Hakulivuta tena.

"Iko sawa, mama," akasema.

Kaveke aliingia, akafunga mlango. Alipotoka alikuwa anacheka mpaka mapengo yanaonekana.

"Nimeinuka! Nimeinuka peke yangu kama msichana! Kumbe hii mikono yako iko na akili hivi? Mulinge hajawahi kupigilia hata msumari kwa hii nyumba."

"Usiegemee sana," Mwongeli akasema. "Shika polepole."

"Chuma nishike polepole?" Kaveke akacheka zaidi, akaenda kuota jua.

Siku zile zilizofuata Kaveke alikuwa mtu mwingine. Alirudia kunywa chai vikombe viwili, kwa sababu hakuwa akiogopa tena kitakachofuata baada ya chai. Kila alipomsifu, Mwongeli alitafuta kazi ya kufanya.

*

Kaveke aliporomoka asubuhi ambayo Mwongeli alikuwa nyumbani, zamu yake ikiwa ya mchana. Haukuwa mlio mkubwa. Kilisikika chuma kikigonga sakafu, halafu kitu kizito, halafu kimya, halafu Kaveke akaita jina la mamake mzazi.

Mwongeli alimkuta amelala ubavu, mkono wa kulia umekunjika mahali pasipo na kiungo. Bomba lilikuwa juu ya mapaja yake, na vile viplastiki vifupi vilikuwa vinaning'inia kwenye skrubu. Ruqia alikuwa tayari anakuja mbio, anasikika akisukuma geti, akiuliza kuna nini. Hapo ndipo Mwongeli alifanya jambo ambalo baadaye hakuweza kulieleza, kwa kuwa hakulifikiria. Kabla hajamwinua mama, aliokota bomba akalisukuma nyuma ya tangi la maji.

"Ameanguka," akamwambia Ruqia. "Ameteleza."

Hospitalini daktari aliuliza ilikuwaje. Kaveke alikuwa ameshadungwa sindano ya maumivu, macho yanamzunguka.

"Ni sabuni," Mwongeli akasema. "Sakafu ilikuwa na sabuni."

Na jioni, baada ya mkono kufungwa plasta na mama kulazwa kitandani kwake, alikoroga saruji nyeupe iliyobaki kwa kopo, akaziba matundu ukutani. Alisawazisha kwa kidole. Ilikuwa kazi nzuri kuliko ile ya kwanza.

*

Nthenya aliwasili na gunia la vitunguu na sauti ya kuamrisha. Alikuwa mwanamke wa mashamba, mabega mapana, asiyependa maneno ya kuzunguka. Alimbusu mama yake, akashika plasta, akauliza.

"Nilishika chuma," Kaveke akasema. "Kikatoka."

"Chuma gani?"

"Cha kushikia. Chooni. Mwongeli aliniwekea." Magoti hakuyataja.

Nthenya akatoka. Mwongeli alibaki amesimama na sufuria mkononi, akisikiliza viatu vyake vikivuka ua, mlango wa choo ukifunguliwa, kimya, mlango ukifungwa. Nthenya akarudi akiwa ameshusha sauti.

"Hakuna chuma, Mwongeli. Mama anasema nini?"

Ulikuwa wakati wa kusema kweli. Hata mtoto angeona kwamba huo ndio ulikuwa wakati. Kaveke alikuwa anamtazama kutoka kitandani bila wasiwasi wowote, akingoja asemewe, jinsi mtu hungoja chenji yake kwa duka analojua.

"Labda ni dawa," Mwongeli akasema. "Zile za maumivu. Zinachanganya."

Uso wa Kaveke haukubadilika mara moja. Ulibaki vilevile, ukingoja, kisha ukaanza kujifunga polepole.

"Mimi nasema kulikuwa na chuma," akasema.

"Sawa, mama," Nthenya akajibu, na ilikuwa ile sawa ya kumjibia mtoto. Akaketi kitandani. "Mama, leo ni siku gani?"

"Ati?"

"Siku. Leo ni siku gani ya wiki?"

"Nthenya, usinichezee."

"Niambie tu. Na mimi ni nani? Mtoto wangu wa kwanza anaitwa nani?"

Kaveke alijibu yote, na kila alipojibu sawasawa sauti yake ilizidi kuwa ndogo. Kwa hasira alikosea siku. Alisema Jumanne, kumbe ni Jumatano. Nthenya akamtazama Mwongeli kwa huruma, kana kwamba wawili hao wameuona ugonjwa pamoja.

Tangu hapo mambo yalikwenda yenyewe. Nthenya alificha kiberiti. Chai ya mama ikaanza kuletwa kwenye kikombe cha plastiki. Kaveke akitaka kwenda nje, anasindikizwa na mlango unaachwa wazi, yeye aliyemwapisha Mwongeli ili yaliyo nyuma ya mlango huo yasijulikane. Nthenya alimpigia Mulinge simu, akaweka sauti ya nje, na Mulinge kwa mara ya kwanza baada ya miezi alipokea.

"Huyo mwanamke amemfanyia mama nini?" akauliza.

"Wewe nyamaza," Nthenya akamkatiza. "Usimguse Mwongeli kwa mdomo wako. Yeye ndiye anamwosha, yeye ndiye anamlisha. Ni akili ya mama imeanza kuruka. Nitamchukua twende Entarara, na kesho kina mama wa kanisa wanakuja kumwombea. Wewe tuma tu nauli."

Mwongeli alisikiliza akitetewa. Alikuwa akikata sukuma, akaendelea kukata hata baada ya majani kwisha kwenye ubao.

*

Jioni hiyo Nthenya alienda sokoni Noonkopir kutafuta nyama. Mwongeli akaleta karai la maji ya vuguvugu, akaanza kumwosha mama miguu kama kila siku. Kaveke alimwacha aoshe mguu mmoja. Alipofika wa pili, akasema, akitazama dari:

"Mwongeli, mwanangu. Nataka unisaidie na kitu kimoja. Sitakasirika."

"Ndiyo, mama."

"Mimi nakumbuka chuma. Naona hata rangi yake. Lakini mama yangu pia, mwisho wake, alikuwa anaona vitu. Alikuwa anasema kuna ng'ombe ndani ya nyumba, na alikuwa anajua mpaka majina ya hao ng'ombe." Akageuka kumtazama. "Niambie tu, nijiandae. Kulikuwa na chuma, ama niliota?"

Maji yalikuwa yameanza kupoa. Mwongeli aliushika ule mguu, mdogo, mkavu kisiginoni, akahisi hawezi kuinua kichwa. Angevumilia kutukanwa. Hilo la kuombwa kwa upole namna hiyo ndilo lililomvunja.

"Kilikuwepo, mama," akasema. "Kilitoka. Nilikiweka vibaya, nikijua. Nikakificha nyuma ya tangi."

Kaveke akafunga macho. Machozi yakapita kwenye mikunjo ya uso yakaingia masikioni, naye hakuyafuta. Kifua kilipanda, kikashuka, kama cha mtu aliyetua mtungi.

"Mungu asifiwe," akanong'ona. "Kumbe niko mzima."

Mwongeli akaanza kusema samahani. Kaveke akatoa mguu kwenye maji.

"Hapana. Hiyo wacha kwanza. Kesho wakija kuniombea, utawaambia. Kuniambia mimi peke yangu haitoshi. Mimi nilikuwa najua."

*

Kina mama wa kanisa walikuja wakiongozwa na Mukai, mwenyekiti wao, mwanamke mwenye sauti iliyozoea kipaza sauti. Ruqia hakuwa wa kanisa lao, lakini alileta mahamri akaketi karibu na mlango. Alikuwepo pia Nalangu, mama wa Kimaasai anayeuza maziwa, aliyekuwa mkubwa kuliko wote isipokuwa Kaveke.

Mwongeli aliandaa chai. Aliongeza sukari, akaulizia nani hanywi maziwa, akarudi jikoni kutafuta vijiko ambavyo vilikuwa mkononi mwake. Wakamaliza kunywa. Wakasimama kuzunguka kitanda. Mukai akamwekea Kaveke mkono kichwani.

"Baba, tunaifunga roho ya usahaulifu! Tunaikataa roho inayomwonyesha mama yetu vitu ambavyo haviko!"

"Amina," wakaitika.

Kaveke alikuwa amefungua macho, na yalikuwa kwa Mwongeli.

"Ngojeni," Mwongeli akasema.

Mukai alidhani ni Roho, akapandisha sauti zaidi. Ikabidi Mwongeli apaaze yake. "Ngojeni! Tafadhali, ngojeni kidogo."

Akatoka nje. Alirudi na bomba limeshika vumbi na utando wa buibui, viplastiki vyake bado vinaning'inia, akaliweka mezani katikati ya vikombe.

"Mama hajasahau kitu. Chuma ndicho hiki. Niliweka mimi mwenyewe, na mashine ambayo niliambiwa dukani haifai ukuta. Mashimo yalikuwa mafupi, nikajua ni mafupi. Alipoanguka nikakificha, nikaziba ukuta. Nikamwacha aitwe mwendawazimu."

Mukai aliondoa mkono wake kichwani mwa Kaveke polepole, akaupangusa kwa leso yake.

"Nilikuuliza," Nthenya akasema. Hakupiga kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Nilikuuliza hapa hapa, umeshika sufuria. Ukaniambia ni dawa. Mimi nikamwuliza mama yangu kama ananijua. Mama aliyenizaa, nikamwuliza mimi ni nani!"

"Samahani, Nthenya."

"Nilikutetea kwa simu!"

"Nilisikia."

"Lakini kwani hukuita fundi?" Mukai akauliza. "Mafundi wamejaa hapa Kitengela kama nzi. Ulikuwa unabania nini?"

Jibu lilikuwepo, na lingempunguzia mzigo. Mwongeli alitazama sakafu. Alikuwa ameapa, na katika mambo yote aliyoyaharibu hilo moja lilikuwa bado zima.

"Nilidhani naweza," akasema.

"Anadanganya tena," Kaveke akasema kutoka kitandani.

Wote wakageuka.

"Ni mimi nilikataa fundi. Magoti yangu yamekufa. Nikichuchumaa siwezi kuinuka. Siku moja nilikaa humo mpaka nikafikiri nitafia humo. Nilimwapisha asiseme. Basi sasa nimesema mwenyewe, mmesikia, mnaweza kwenda kusimulia."

Nthenya akaketi ukingoni mwa kitanda. Mukai akakohoa. Nalangu ndiye aliyeanza, akicheka kwa chini, shanga zikimtikisika.

"Yeyo, mama, hata mimi," akasema. "Mimi nafunga kamba kwa mlango. Nikimaliza navuta kamba kama mtu anatoa ng'ombe kwa matope. Watoto wanafikiri ni kamba ya mbuzi."

"Mimi ni ndoo," akasema mwingine pembeni, akificha uso.

Kicheko kikaanza, kikazunguka chumba, na hata Kaveke akacheka akishikilia mkono wake wa plasta. Ruqia alicheka mpaka akafuta macho. Lakini hakuna aliyemtazama Mwongeli. Kicheko kilimzunguka yeye kama maji yanavyozunguka jiwe, na alipoanza kukusanya vikombe kila mtu alimpa chake bila neno, akitazama kwingine. Katika chumba kile, mtu wa kuchuchumaa kwa kamba alikuwa na wenzake. Yeye hakuwa na mwenzake.

*

Nthenya alimchukua mama. Mwongeli hakubisha, angebisha kwa haki gani? Alimkunjia nguo, akamwekea dawa kwa mfuko na kuandika juu yake za asubuhi na za jioni. Kaveke alipokuwa akiingia kwenye gari aliloazimwa Nthenya, Mwongeli alimpa mkono amsaidie kupanda. Kaveke akauangalia ule mkono, akashika mlango badala yake.

Nyumba ilibaki na vyumba viwili na mtu mmoja. Jumamosi iliyofuata Mwongeli alirudi dukani na kisanduku chake. Watu walikuwa wengi vilevile, na safari hii hakusubiri wapungue.

"Nilikudanganya," akamwambia Mohamednur. "Haikuwa pazia. Nilikuwa nataka kuweka chuma chooni, mama mkwe ashikie akichuchumaa. Ukuta ni wa mawe. Niliweka na hii, kikatoka, akavunjika mkono."

Mohamednur akakifungua kisanduku.

"Kwa nini hukuniambia siku ile? Si nilikuuliza mara mbili?"

"Niliona aibu."

"Aibu ya choo?" Akaonyesha kwa kidevu nje ya mlango, kwenye masinki meupe ya vyoo yaliyopangwa mpaka barabarani. "Mama, mimi nauza vyoo. Hiyo ndiyo inasomesha watoto wangu."

Kuna mtu alicheka. Mwongeli hakucheka, wala hakuona kwamba amesamehewa kwa kuwa mtu amecheka. Aliyetakiwa kumsamehe hakuwepo pale. Mohamednur alimpeleka nyuma ya duka penye jiwe la kujengea, akampa mashine nzito aijaribu mwenyewe. Alimwonyesha mahali pa kugeuza ili ipige, akamwambia ikianza kutetemeka asiisukume kwa hasira, aiache ifanye kazi yake. Jiwe likaingilika kama muhogo. Mwongeli alilitazama lile shimo refu, safi. Ilikuwa rahisi namna hiyo. Mkono wa mama ulivunjika kwa jambo rahisi namna hiyo.

"Hii ndogo utabaki nayo," Mohamednur akasema. "Siwezi kuirudisha, imetumika. Lakini nitakupunguzia hiyo nyingine."

Alilipa. Nyumbani alitoboa juu kidogo ya yale mabaka meupe ya saruji. Ruqia akachungulia juu ya ua.

"Rafu ya sabuni tena?"

"Hapana. Ni chuma cha mama. Siku ile nilikudanganya, Ruqia."

"Nilijua siku hiyo hiyo. Mimi ndiye nilimnyanyua. Alikuwa na vumbi la ukuta mikononi, na yale matundu niliyaona." Ruqia akatua beseni lake chini. "Nilingoja useme. Uliniweka pabaya, wallahi. Nilikaa kwa yale maombi nikila mahamri yangu nikinyamaza, kama mimi pia nimeficha." Kisha akazunguka kupitia getini, akaingia, akalishika bomba upande mmoja lisipinde wakati Mwongeli akikaza skrubu.

Lilipokaa, Mwongeli alichuchumaa mahali ambapo Kaveke huchuchumaa. Akaning'inia kwa uzito wake wote, akajitikisa, akavuta kwa nguvu za mtu anayetaka kung'oa, mpaka mabega yakauma. Ukuta haukutoa hata punje. Hakufurahi. Alikaa tu pale chini akipumua.

Kisha akanawa, akapiga simu Entarara. Nthenya ndiye aliyepokea. Nyuma yake ulisikika upepo, na mtu akikung'uta vitunguu ili udongo utoke.

"Unataka nini?"

"Habari yenu. Mama yuko aje?"

"Anaendelea."

"Naomba niongee na yeye. Hata kidogo tu. Nataka kumwambia choo kiko tayari, wakati wowote akitaka."

Nthenya akafunika simu kwa mkono. Maneno yakapita, hayakusikika vizuri. Kisha akarudi.

"Amelala," akasema.

"Nthenya!" Sauti ya Kaveke ikaja kutoka mbali, kavu, kali, ya mtu mwenye akili zake zote. "Usimdanganye. Mwambie niko macho. Mwambie sitaki kuongea na yeye leo. Apige kesho."

Nthenya akarudi kwenye simu.

"Umesikia?"

"Nimesikia," Mwongeli akasema.